Watu Mlangoni kwa Lemi wa Mvua

Kampala, 9 Februari 2015

Mdogo wangu Lokosang,

Salamu nyingi. Natumaini wewe, Teresina na watoto hamjambo. Mimi sijambo, ila nimeudhika, na nitakwambia kwa nini.

Kondakta wa basi ameniletea hadithi yako mpya niichore. Nimeisoma mara moja ikanitosha. Lemi wa Mvua anaruka juu ya mji, anainua mikono, mvua inanyesha, majitu ya vumbi yanakufa, watu wanapiga makofi. Toleo lililopita lilikuwa hivyo hivyo, na lile la kabla yake. Tulipomwanzisha kule kambi ya wakimbizi ya Adjumani, watoto waligombania karatasi zetu hadi zikachanika. Sasa unaniambia mwenyewe kwamba pale sokoni Konyo Konyo wanazifungia karanga. Shujaa asiyeshindwa anachosha, Loko. Ananichosha hata mimi ninayemchora.

Umesahau tulimtoa wapi? Bibi alitusimulia juu ya mwenye mvua wa zamani. Mvua ikinyesha, alikula mbuzi wa watu. Ikikataa, watu walikwenda mlangoni kwake na mikuki kumuuliza. Basi iandike hiyo. Mvua ikatae, watu waende mlangoni.

Hadi hapo kalamu nimeiweka chini. Desemba nitakuja kwa maombi ya mama, maana kumzika sikuwahi. Kama bado utakuwa na majitu yako, tutagombana mbele ya padri.

Dada yako,
Ketty


Atlabara, Juba, 2 Machi 2015

Dada Ketty,

Nakusalimu. Sisi wazima, Mungu anasaidia. Teresina anakusalimu kwa moyo, mimi nakusalimu kwa adabu tu.

Ni rahisi kuwa jasiri ukiwa Kampala. Unakula matoke yako, unalala mlango wazi, kisha unaniagiza niandike kwamba watu wamebeba mikuki kwenda kwa mkubwa. Hapa ukichora ng'ombe wanakuuliza ni ng'ombe wa kabila gani. Unafikiri majitu yangu ni ya vumbi kwa sababu akili imeniisha? Ni ya vumbi kwa sababu vumbi halina ndugu jeshini.

Hukuwa hapa Juba Desemba ile ya mwaka juzi risasi zilipoanza. Ulishapanda basi. Mimi nilibaki na mama chini ya kitanda, na michoro yako tumeilalia isiharibike. Kwa hiyo usinifundishe habari ya mlango.

Chora nilichokutumia, au khalas, tuache.

Mdogo wako,
Lokosang


Kampala, 20 Aprili 2015

Lokosang,

Hujambo. Watoto hawajambo. Mimi sijambo. Hayo yamekwisha.

Nimeandika toleo lote mwenyewe na kulichora mwenyewe, na kondakta anakuletea. Mvua inamkatalia Lemi. Anaruka, anainua mikono, hakuna kitu. Kwenye ukurasa wa mwisho watu wamesimama mlangoni kwake na mlango bado umefungwa. Nilipomaliza nililia, kwa sababu nilimwona Lemi tena, yule wetu.

Wewe ni mwoga. Nasema bila kuzunguka. Usipolichapisha nitampa mtu mwingine, na Lemi hutamgusa tena maishani. Ukilichapisha, usiguse mstari wangu hata mmoja. Hata kuku hujui kuchora. Kule shule ya kambini Sista Rebecca alidhani kuku wako ni kiatu.

Dada yako, kwa bahati mbaya,
Ketty


Kampala, 3 Agosti 2015

Lokosang,

Sikuulizi hali.

Jirani yako Betty amekuja kununua vitenge, akaniletea nakala. Anasema pale Konyo Konyo mtu mmoja anasoma kwa sauti na watu wamemzunguka, mama wa chai wanaacha birika linachemka hadi linakauka. Hakuna anayefungia karanga. Nilifurahi kwa muda wa kufunua karatasi.

Jina langu liko wapi? Limeandikwa jina moja, lako, kwa hadithi na kwa michoro. Jalada langu umelitupa ukachora lako. Ndani, kila penye uso wa Lemi umeufuta ukaweka wako, na masikio kama vikombe vya chai. Miaka yote hii kumbe ulikuwa na wivu. Kazi ilipokuwa mfu ilikuwa yetu, imefufuka ikawa yako.

Wewe ni mwizi. Desemba nitakuja kwa ajili ya mama. Usinikaribie.

Ketty


New Site, Juba, 18 Oktoba 2015

Wifi Ketty,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Watoto wazima. Tumehamia New Site kwa dada yangu Keji. Barua yako niliifungua mimi kwa sababu mwenyewe hayupo, na nimeisoma yote.

Watu wa usalama walikuja nyumbani Atlabara kabla haijafika. Waliuliza ni nani aliyechora kitabu. Lokosang akasema, "Mimi." Mmoja akacheka. "Wewe iko mwalimu tu. Iko mtu ingine. Chora hapa, tuone." Wakampa kalamu na kalenda yangu ya kanisa, achore nyuma yake.

Akachora Lemi, na masikio yale yale. Waliweka kalenda kando ya jalada, wakaangalia moja, wakaangalia lingine.

Tangu kazi yako ilipofika alikuwa anakaa mezani kila jioni anachora uso huo mmoja. Nilimwambia ni aibu, amwachie dada yake anayejua. Akanijibu kwa hasira, "Ketty ananitukana sana, lakini lazima aje kwa maombi ya mama." Sikuelewa hadi siku ile ya kalenda.

Waliamini, Wifi. Ndiyo maana hajarudi.

Njoo Desemba. Jina lako haliko popote. Usiniombe msamaha, kwa sasa sina wa kukupa. Kila Jumatatu nakwenda kwenye geti wanakosema yupo, nasimama na wake wengine. Hawafungui.

Nikipita Konyo Konyo mama wa chai wananishika mkono. "Huyo Lemi, mlango alifungua ama alikataa?" Nawaambia sijui, wamuulize aliyechora. Wananiambia, "Malesh, pole mama. Si tumesikia aliyechora amefungwa."

Wifi yako,
Teresina