Papa, Ninamhudumia Mzee wa Nyambizi

Papa wangu,

Mwaka huu tena sikuweza kuja kupalilia kaburi lako. Mtoto amelala, nguo zinakauka juu ya radiateri, lile bomba la kupashia chumba joto, nami nakukumbuka ukirudi kutoka mgodini Likasi, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Mimi ndiye niliyekuletea maji ya kunawa. Nilikuuliza kwa nini wewe, mkubwa wa baruti, unamngoja tonton Kabeya, mdogo wako na msaidizi wako, azunguke shimo kwanza ndipo ulipue. Ukacheka, ukaniita mama kama kawaida yako.

"Mama, muntu moja anaweza kusahau. Bantu babili banaangaliana."

Na ile siku bosi alipofoka kwamba kazi inachelewa, na tonton hajarudi, wewe ukakalia kisanduku cha kulipulia, ukatoa muhogo na karanga, ukala polepole. Kila Noeli tonton alituigizia bosi anavyorukaruka, nawe unajifanya husikii.

Sasa nahudumia wazee katika nyumba ya kuwatunzia, hapa ugenini Ganshoren. Kuna mmoja, mgeni wa nchi hii kama mimi, zamani aliongoza nyambizi, ile meli inayokaa miezi chini ya bahari, na ya kwake ilibeba mabomu ya nyuklia. Namwita Papa Kamanda, wenzangu wananicheka. Nikimwosha miguu ananisimulia. Anasema hata amri ikitoka kwa mkuu wa nchi, kamanda hawezi kurusha bomu peke yake. Lazima msaidizi wake aisome mwenyewe, akubali mwenyewe. Nikamuuliza msaidizi mbaya alikuwa wa namna gani. Nilidhani atasema mbishi.

"Yule aliyenipenda mno," alisema. "Kila neno langu, ndiyo. Huyo nilimwogopa kuliko adui. Nilimrudisha nchi kavu."

Papa, ulikufa bila kukutana na huyu mzee. Mngeelewana.

Alhamisi muuguzi wetu wa zamu aliniomba nitie sahihi kwamba tumepima pamoja dawa kali ya maumivu ya Papa Kamanda. Sikuwa nimeona kitu. Ni mwanamke mwema, ndiye huniacha nitoke mapema mtoto akiwa na homa. Mkataba wangu unaisha mwezi huu, na ni yeye atakayesema kama nibaki.

"Bon, ni sahihi tu. Si unanijua?"

Nikamwambia nakujua, madame, lakini sijaona.

Akafungua kabati la dawa kwa hasira, tukapima. Dawa ilikuwa sawa kabisa. Tangu siku hiyo hanisalimu.

Sikufichi, nilitamani kidogo iwe imekosewa, nionekane nina haki. Halafu nikaona aibu, maana ni mwili wa mzee wa watu. Nimechoka, Papa. Nikipanda basi kurudi nyumbani Saint-Josse nasinzia nimesimama. Mkataba huo naujua ni chakula cha mtoto wangu, na bado sijui watanijibu nini.

Lakini muuguzi akiniita tena kabatini, nitaenda. Nitaangalia kwanza, ndipo niandike jina langu.

Ulale salama huko Likasi.

Binti yako wa kwanza