Ndara Kanisani

Kaka Siosaia,

Mkeka ulionitumia umenifikia hapa Sydney salama, na picha ya ubatizo pia. Mbona umekwenda kanisani na ndara? Mkeo ananiambia, "Wifi, viatu havimwingii, na mkojo wake una povu kama sabuni. Anasema amenenepa tu."

Nani hunenepa vifundo vya miguu peke yake? Najua, kwetu Tonga dada hamtajii kaka yake mkojo. Shangazi naye aliona miguu ya baba ikivimba, akanyamaza kwa heshima, mpaka figo zikafa na baba tukamzika. Mimi neno nimeshaliandika na silifuti. Nichukie upendavyo, ila nichukie ukiwa kwenye foleni ya kupima damu na mkojo.

Dada yako asiye na adabu,
Lupe