Bunduki ya Kicheki ya Baba

Zagozdje, 8 Septemba 1996

Zalka mwanangu,

Natumai hujambo na ile shingo imepoa. Wewe unanyanyua magunia ya unga huko kwenye hiyo kazi ya kuoka mikate Graz kama vile hakuna wanaume Austria nzima. Sisi tupo. Miguu yangu ni ileile, mvua ikikaribia inaniambia kabla ya redio. Plamu mwaka huu zimezaa mpaka matawi yanavunjika, na nimepika jamu hadi sukari dukani imeniona adui.

Umeuliza habari za baba yako. Yupo. Anakula kidogo, anapasua kuni nyingi. Msimu wa nguruwe mwitu umeanza na wenzake wanatoka kila Jumamosi, ila yeye hatoki. Bunduki yake imekufa, kitako kimepasuka, Lojz, mwindaji mwenzake, kaichukua kuitazama na anasema haitengenezeki. Na pembe yake ya kupulizia msakoni ipo ukutani tangu tulipomzika baba yako mdogo Jernej mwishoni mwa mwezi wa nne. Wawindaji wamempa mtu mwingine kazi ya kupuliza, kijana wa kutoka bondeni, anapuliza kama ng'ombe anayezaa.

Usipige simu sana, iko ukumbini na baba yako anakaa palepale. Andika.

Nakubusu,
Mama


Graz, 15 Septemba 1996

Mama mpendwa,

Shingo imepona, usijali. Jamu niwekee chupa mbili, hapa wanauza kitu chekundu wanakiita jamu ila ni rangi tu na sukari.

Nimesoma barua yako kwenye tramu nikapitiliza kituo. Baba bila bunduki mwezi wa tisa! Sijawahi kuona Jumamosi ya msimu baba akiwa nyumbani, hata siku niliyopata komunyo yangu ya kwanza alikuja kanisani na tope kwenye buti. Na mwezi wa kumi na moja anatimiza sitini. Basi nimeamua, mama, namnunulia bunduki.

Usishtuke. Nimekwenda duka la hapa, muuzaji akanionyesha moja yenye maua ya kuchongwa na bei ya gari. Nikamwambia baba yangu anawinda nguruwe, hawaposi. Akacheka, akanieleza kwamba kwa mtu wa msituni mambo ni machache: iwe ya komeo la kuvuta kwa mkono, kitako cha mti wa jozi, isizidi kilo tatu na nusu, na itumie risasi zilezile alizozizoea. Bunduki za kiwanda cha Kragujevac, Serbia, ni rahisi kuliko zote ila ni nzito. Za Kicheki zinapanda bei kidogo, na anasema zinadumu mpaka mjukuu. Hebu nipimie urefu wa mkono wa baba, kuanzia kwapani hadi kidole cha kuvutia. Mwambie unamshonea sweta.

Usimwambie chochote.

Mwanao,
Zalka


Zagozdje, 20 Septemba 1996

Zalka mwanangu,

Tunashukuru tu wazima. Ng'ombe mwekundu amezaa dume.

Kuhusu ile habari yako, moyo wako ni mzuri, lakini acha. Macho ya baba yako si yale. Bega linamuuma. Na bunduki kwa mtu wa miaka sitini ni mzigo, wenzake wa rika lake wameshaanza kukaa kwenye kibanda na kuchochea supu. Fedha zako weka, utaolewa, au utanunua gari, au vyote viwili. Ukitaka kumpa kitu, mnunulie buti za Kiaustria zenye manyoya ndani. Miguu yake ndiyo inayopata baridi.

Mkono sikuupima.

Mama


Graz, 29 Septemba 1996

Mama,

Nimefurahi kuhusu ndama. Hayo mengine sikuyafurahia, na nitasema.

Mwaka jana baba alimpiga nguruwe akikimbia, ng'ambo ya kijito, na Lojz alisimulia habari hiyo mpaka Krismasi. Leo macho yameharibika? Bega linauma na bado anapasua kuni kutwa? Mama, wewe hujawahi kuwa mchoyo kwangu, kwa nini unakuwa mchoyo kwa baba? Mwaka huu kamzika ndugu yake pekee. Kitu kimoja tu ndicho kinamtoa mtu yule nyumbani, nacho unataka kukibadilisha kwa buti.

Nimeshaipata. Iko Ljubljana, kwa Bwana Prelesnik, fundi bunduki nyuma ya stesheni. Ya Kicheki, imetumika misimu miwili na mjane mmoja kaileta kuiuza, kwa hiyo bei ni ya mfuko wangu. Ina darubini ndogo, ya zamani ila safi. Ijumaa nilikwenda kwa treni, nikaishika, ina harufu ya mafuta ya kitani kama bohari letu. Nimelipa yote. Kwa sheria mimi siwezi kuichukua, ni baba tu na kibali chake, kwa hiyo Bwana Prelesnik atamwandikia kadi aje nayo. Nilitaka uwe upande wangu siku hiyo.

Zalka


Zagozdje, 4 Oktoba 1996

Zalka mwanangu, kipenzi,

Nimekaa na barua yako siku nzima. Sina salamu za kuandika leo, nisamehe, naingia moja kwa moja.

Kitako cha bunduki ya baba yako hakijapasuka. Nilikudanganya. Mwezi wa tano mimi mwenyewe nilimwomba Lojz aichukue, nikamwambia baba yako springi ya bunduki imelegea, Lojz anaitengeneza. Hajaiulizia hata mara moja. Hilo ndilo linaloniogopesha zaidi.

Wewe umekulia katika nyumba ya mwindaji, sihitaji kukueleza tawi la msonobari ni nini. Mnyama akianguka anawekewa tawi mdomoni, na mwindaji akifa kila mwenzake anamdondoshea moja kaburini. Kwa Jernej baba yako alidondosha lake. Unakumbuka siku ile alivyokuwa amesimama, hakulia, hakupuliza pembe, kijana wa bondeni akapuliza. Wewe hujui kwamba ule mti uliomwangukia Jernej ni baba yako aliyekuwa anaukata. Watu wote wanasema ulipinda kwa upepo. Upepo ulikuwepo. Yeye haamini upepo.

Wiki moja baada ya maziko nilitoa suti yake nyeusi kuipiga brashi. Kwenye mfuko wa kifuani kulikuwa na tawi jingine la msonobari, bichi, limevunjwa vizuri kwa mkono. Hakuna anayejivunjia tawi la kaburi lake mwenyewe, Zalka. Nikalirudisha, nikafunga kabati, nikaenda kwa Lojz na viatu vya ndani, kwenye theluji ya mwisho.

Tangu hapo sijalala usingizi wa kueleweka. Kumwambia daktari nilitaka, lakini daktari atamnyang'anya kibali, na chama kizima cha wawindaji kitajua, na nilidhani aibu ndiyo itammaliza. Labda nimekosea. Mimi peke yangu sijui tena lililo sawa na lisilo sawa.

Mpigie huyo mtu simu leo hii. Asimwandikie kadi. Nakuomba kwa magoti.

Mama yako


Graz, 8 Oktoba 1996, kwa posta ya haraka

Mama yangu,

Barua yako imenifikia leo saa nne. Nimempigia Bwana Prelesnik na mikono yenye unga. Kadi aliiposti Ijumaa. Nimemwambia baba akija amwambie bunduki haiko tayari. Amesema yeye hawezi kumnyima mtu mwenye kibali kitu kilicholipiwa, ila atamchelewesha akiweza. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu asiyependa kuingizwa katika mambo ya watu.

Msubiri yule mama wa posta njiani, umwombe kadi.

Kisha nikapiga nyumbani. Akapokea baba. Akasema uko shambani unachimba viazi. Nikamuuliza hali, akasema, "Tunasukuma." Mama, nimesimama pale nasikia saa yetu ya ukutani inagonga kupitia simu. Mwishoni akasema, "Asante, mwanangu." Nikamuuliza asante ya nini. Akasema, "Ya kupiga."

Lojz hana simu, ningempigia. Nakuja Jumamosi kwa basi la asubuhi. Nisamehe lile neno la uchoyo. Nalijutia kila dakika.

Zalka wako


Zagozdje, 10 Oktoba 1996

Zalka,

Barua yako imefika sasa hivi, mchana. Mama posta mwenyewe kaniambia, tena akicheka, kwamba kadi alimpa baba yako mkononi juzi, pale mbele ya baa. "Vinko kapata barua kutoka kwa fundi bunduki," anasema, "atatuletea nyama." Juzi. Kwa hiyo alipokuambia asante alikuwa nayo mfukoni.

Na leo asubuhi kaondoka kwa basi la kwanza. Nilikuwa zizini nakamua. Kaniachia maneno kwa jirani kwamba anakwenda mjini. Nimefungua kabati, suti nyeusi haipo.

Lojz katoka na gari lake kumfuata Ljubljana. Mimi nakuandikia ili mikono iwe na kazi. Nimemenya viazi vya watu kumi. Basi la jioni linafika saa kumi na mbili na nusu, na kutoka kituoni kuja hapa njia inapita pembeni ya msitu, pale palipokatwa ule mti. Nikiwaza njia hiyo nasimama, nakaa, nasimama tena. Zalka, nikimaliza ukurasa huu sijui nitaandika nini.

Naendelea. Ni usiku.

Lojz alirudi kwanza, peke yake. Fundi alimwambia baba yako alikuja, akachukua, akaondoka. Tukakaa hapa jikoni hatuangaliani. Basi lilipita. Sikuona mtu. Lojz akavaa kofia atoke na tochi, ndipo nikasikia buti zinakung'utwa mlangoni, kushoto mara mbili, kulia mara mbili, kama siku zote.

Akaingia. Suti, kofia, bunduki begani ndani ya mfuko wake. Akamwona Lojz, akaniona mimi, akaona na sufuria la viazi, akasema, "Nani kafa?"

Akaweka bunduki mezani, akavuta komeo, akalitoa lote nje, kile chuma chote, akakishika akikiangalia. Kisha akanipa mkononi. Kilikuwa cha baridi na kizito.

"Bila hicho hiyo ni fimbo," akasema. "Weka wewe. Usiniambie wapi."

Nikamwambia, "Vinko, mimi—"

"Ulidhani sijui yangu iko kwa Lojz? Springi haijalegea, Vida. Springi naibadilisha mwenyewe miaka thelathini. Ningekuwa nayo mwezi wa tano, leo usingekuwa unamenya viazi hivi." Akakaa. "Nilijua umenificha, nikakuacha unifiche."

Lojz akaanza kulia, mwanamume yule mkubwa, na baba yako akamwambia aache, atatia chumvi kwenye supu. Kisha na yeye akaanza. Sijamwona akilia tangu anioe.

Amekubali daktari. Si yule wa hapa, wa Ljubljana. Lojz atampeleka.

Suti nimeitundika. Kwenye mfuko wa kifuani hakuna tawi. Kuna tiketi ya basi, ya kwenda na kurudi.

Njoo Jumamosi kama ulivyosema. Viazi vipo.

Mama


Graz, 10 Novemba 1996

Mama mpendwa,

Nilifika salama siku ile, na chupa za jamu hazikuvunjika. Tangu nimerudi nalala vizuri kidogo. Baba kwenye simu anaongea siku hizi, jana kaniuliza hata bei ya siagi. Amesema dawa zinamkausha mdomo na kwamba daktari ni kijana mdogo lakini anajua kunyamaza.

Ila kaniambia pia kuwa Jumamosi hii ni msako wa siku yake ya kuzaliwa, chama kimeuandaa, na anataka kwenda na ile ya Kicheki. Mama, nakusihi, usimpe komeo. Aende na fimbo, awe na wasakaji na mbwa. Ni mapema mno. Mimi ndiye niliyeleta kile kitu nyumbani na sitaki kuwa huku nikisubiri simu. Mwambie ni mimi nimekataa, anikasirikie mimi.

Mwanao,
Zalka


Zagozdje, 16 Novemba 1996

Zalka mwanangu,

Ni Jumamosi, saa nne asubuhi. Sisi hatujambo, umande umeganda, mlima mzima ni mweupe.

Ombi lako nililisoma, na nililifuata mpaka jana jioni. Alipoliomba komeo nilimuuliza kama tulivyokubaliana na daktari: umelalaje? Wiki iliyopita aliliomba kwa ajili ya kujaribu shabaha, nikamuuliza, akasema "vibaya", na mwenyewe akageuka akaenda kupasua kuni, hakuomba tena. Jana akasema, "Nimelala. Nimeamka mara moja, nikakusikia unakoroma, nikalala tena." Mimi sikoromi. Lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyelala.

Sikumpa yeye. Leo alfajiri nilimpa Lojz, nikamwekea kwenye kiganja mbele ya wote. Lojz atasimama naye kituo kimoja cha kuvizia, komeo litaingia kwenye bunduki wakiwa wamesimama, na litatoka kabla hawajaondoka. Baba yako alikubali mbele ya chama kizima. Ile aibu niliyoiogopa, Zalka, ilikuja, ikapita. Mzee mmoja alivua kofia tu, na mwingine akasema komeo la kwake analala nalo mkewe. Nimekuasi, nikasirikie. Siwezi kumlinda mtu kwa kumfungia maisha yote, nitamuua kwa njia nyingine.

Alipotoka alirudi mlangoni, akanyoosha mkono ukutani, akachukua pembe.

Mbwa wanasikika upande wa kijito. Nimefungua dirisha, jikoni kumekuwa barafu na sijali.

Mlio mmoja. Umetoka kule kule, upande wa kituo chao. Mmoja tu.

Mbwa wamenyamaza.

Nimeshika kalamu ili nisitoke mbio. Nawaza huyo nguruwe, nawaza Lojz yuko hapo, Lojz ana mikono mikubwa. Hakuna kitu. Kunguru tu. Mungu wangu, Zalka, bado hakuna kitu.

Pembe. Wanapuliza ile ya nguruwe aliyeangushwa, ndefu mbili na fupi. Ya kwanza imekwama mwanzoni, ikakohoa, halafu ikafunguka, jinsi inavyokwama kwa mtu mmoja tu tangu alipong'oka lile jino la mbele. Anapuliza tena. Haachi, anapuliza kama anaita ng'ombe wa kijiji kizima.

Nafunga dirisha, niweke maji ya supu. Watarudi na njaa.

Mama