Nimfufue Papa Maliro?

Mama Victoire mpendwa,

Naomba unisaidie upesi, kama unavyowashauri wengine wanaokuandikia, tena kabla ya Jumamosi, siku tunayorekodi, maana nikikaa na furaha hii peke yangu nitapasuka. Mimi naitwa Katungu, nakaa Mususa, hapa hapa Butembo, na ndiye ninayeandika ule mchezo wa Jumapili kwenye televisheni yetu ndogo, ule wa Papa Maliro mfanyabiashara wa kahawa na mke wake mkali, ndiyo, ni mimi, wengi wanadhani waigizaji wanajitungia maneno wenyewe, lakini kila neno, hata matusi ya jirani, linatoka kwangu, jikoni, huku sufuria ya maharagwe ikichemka.

Sasa sikiliza. Papa Maliro huchezwa na Josaphat, mtu wa Beni, ambaye kila wiki alikuwa anapanda gari kuja kurekodi, mpaka mapigano yalipokaribia huko na magari yakasimama, hatukumwona tena, hatukupata habari zake, na Jumapili ilikuwa inakuja, kwa hiyo nikafanya anachofanya mwandishi aliyebanwa: nikamuua. Lori lake likaanguka mlimani, tukaleta sanduku tupu la maiti tukalifunika shuka, na Émérance, anayecheza mke wake, akalia kilio ambacho hata mimi niliyekiandika kilinikata maini.

Kesho yake, Mama Victoire! Wanawake wa mtaa wa Vulamba wakafika nyumbani kwa Émérance na kuni kichwani, na ndizi, na maharagwe, wakatandika mikeka uani wakakaa matanga, siyo kwa utani, matanga kabisa, na mume wake wa kweli, fundi wa baiskeli, aliporudi kutoka kazini akauliza, "Nani alikufa hapa kwangu?" wakamjibu, "Bwana ya Émérance," naye akapiga kelele kwamba mume ni yeye, "Mais bwana yake njo miye!" wakamwambia akae chini aheshimu kilio. Akakaa! Mimi nilifika nikicheka, nikawa nasalimia watu, na mama mmoja mzee aliyeleta kuku akanishika mikono yote miwili akasema, "Aksanti, binti yangu. Mutoto yangu hakupata kilio ya hivi." Nikamshukuru kwa kuusifu mchezo, nikarudi nyumbani nikiimba njiani kama mlevi, maana tangu nikiwa mdogo nilitaka kuandika kitu ambacho watu watakiamini, na sasa mji mzima unaniamini.

Basi wiki hii Josaphat ametokea! Mzima! Amekuja kwa miguu akipitia mashambani, amekonda, anacheka, mlinzi wetu alipomwona akatoka mbio akaacha geti wazi, naye akaingia studio akisema, "Beni kule banasema mulinizika. Mulinivalisha costume gani?" Tukamrukia, tukalia, tukampa bugali. Na Benoît, anayeongoza mchezo, akanigeukia palepale: "Katungu, andika! Maliro anarudia! Ville yote itapiga makelele!"

Nimeshaandika, Mama. Anasukuma geti, mke anaangusha sahani, watu wa matanga wanatawanyika huku na huku, sijawahi kuandika kitu kizuri namna hii, na Josaphat ana watoto, hana kazi nyingine. Lakini Émérance amekataa kucheza. Nikimuuliza sababu anasema tu, "Balileta kuni, Katungu." Nimlazimishe? Nimfufue Maliro au nimwache?

Katungu wa Mususa

*

Katungu, binti yangu,

Hongera kwanza. Jumapili mimi huacha chakula mezani na kwenda kwa jirani mwenye jenereta kwa sababu yako, na sikujua ni wewe. Josaphat yuko hai: Mungu ashukuriwe, mpe bugali nyingine.

Sasa nikukaripie, maana umeyataka mwenyewe. Wewe ambaye kazi yako ni kuwapa watu maneno, mbona wakikupa yao husikii? Masikio uliyaacha jikoni na sufuria? Mama mzima anakushika mikono, anakuambia mtoto wake hakupata kilio cha namna ile, nawe unasikia sifa! Hakuwa anausifu mchezo. Alikuwa anakuambia kwamba mtoto wake amekufa.

Unadhani wale wanawake hawajui kwamba Josaphat ni mwigizaji? Wanajua sana. Lakini pita mtaa wowote hapa Butembo uulize ni wangapi walikwenda shambani au sokoni tangu vita vianze na hawajarudi. Hakuna mwili, hakuna sanduku, na nyumbani hakuna anayethubutu kuwa wa kwanza kusema basi, amekufa. Kwa hiyo hawakulia. Wewe ukawaletea sanduku tupu, wakaweka humo watu wao. Émérance alikaa nao kwenye mikeka, ndiyo maana anajua, hata kama maneno yanamshinda.

Mfufue Maliro Jumapili hii, na mji utapiga makelele kweli, Benoît hakosei. Halafu kila mmoja atarudi kwake akae akiliangalia geti lake. Ndicho unachotaka?

Fanya hivi. Maliro abaki alikozikwa. Josaphat arudi kama ndugu yake Maliro aliyekuja kutoka Beni kwa miguu, amekonda vilevile alivyo, na usiniambie watu watashangaa sura, ndugu wa tumbo moja hawafanani? Asukume geti lako, mke aangushe sahani yako, sikunyang'anyi kitu. Ila watu wa matanga wasikimbie. Abaki nao, awashukuru kwa kuni na chakula, kisha aondoe matanga kama ndugu wa marehemu anavyopaswa kufanya. Kazi yake itaendelea, na watoto watakula.

Usirekodi studio. Rekodi palepale uani kwa Émérance, mbele ya watu, na mume wake apewe kiti, maskini, amevumilia mengi. Na kabla ya Jumamosi mtafute yule mama wa kuku. Usiende na kalamu. Muulize mtoto wake aliitwa nani, halafu nyamaza usikilize. Akikubali, siku hiyo jina hilo litajwe kwa sauti, na wengine wenye majina wayataje.

Mimi nitakuja. Ndugu yangu mdogo Lusenge alikwenda Mangina kununua mchele, hajarudi, na kwetu bado tunamwekea sahani. Mwambie Émérance kwamba lile fungu la kuni lililofungwa kwa kamba ya buluu lilikuwa langu.

Mama Victoire