Baba Alipokwenda Sinema

Luzira, Kampala
Jumatano jioni

Mama yangu Maimunah,

Asalaam aleikum. Nakusalimu nikiwa nimepiga magoti hapa sakafuni, ingawa hunioni, maana najua utauliza kama nilipiga. Hujambo huko Bombo? Mguu wa Mama Mdogo Nabilah umepungua uvimbe, au bado anaupaka yale mafuta yake yanayonuka mpaka barabarani? Na wewe mwenyewe unalala? Unakula? Jafar aliniambia alikukuta umekonda, lakini Jafar humwona kila mtu amekonda tangu yeye aanze kunenepa. Sisi huku ni wazima. Naomba uisome tena sentensi hiyo, kwa sababu ni ya kweli, na ni siku nyingi sijaweza kukwambia hivyo bila kuficha kitu.

Nimeamua kuandika barua kwa kuwa simu umeikataa. Kila nikimtaja Baba unasema mtandao ni mbaya, halafu unakata. Sikulaumu. Lakini barua haikatiki, na Jafar anayekuletea ameapa kwamba atakaa hapo mlangoni mpaka uimalize, hata ukimnyima chai.

Tangu ulipoondoka baada ya Idi, Baba alizidi. Ulimwacha akiwa amekielekeza kiti chake ukutani, akikupa mgongo kila ulipomkaribia, hataki umnyoe, hataki umpakulie, na hasemi kwa nini. Ulisema mwanamke hawezi kuolewa na mgongo, ukafunga mzigo wako. Mimi nilidhani mgongo ule ulikuwa wako peke yako, kumbe ulipoondoka nikaurithi. Mzee Tarcisio huyuhuyu, askari magereza aliyekuwa akiita majina ya wafungwa asubuhi kwa sauti ya kufika bandarini Port Bell, alibaki kunijibu kwa koo tu: mm. Nikimuuliza kama ameshiba, mm. Nikimwambia mvua inakuja, mm. Daktari alishatuambia kwamba ile presha ya macho imemaliza kazi yake na macho hayarudi. Mimi nikaanza kuogopa kwamba hata mwenye macho harudi.

Mchana jirani yetu Alal alikuwa akikaa naye ninapokwenda kazini. Wiki iliyopita akapata msiba kwao Kitgum, akasafiri. Siku hiyohiyo Baba akajaribu kuwasha jiko mwenyewe, akaunguza mkono wa shati. Usishtuke, ni shati tu. Lakini nilijua siwezi kumwacha peke yake, na siwezi kukosa kazi. Nikaamua niende naye.

Sasa hapa msomee Mama Mdogo kwa sauti, maana yeye bado anaamini nauza tiketi za basi. Zumaridi ni kampuni ya majumba ya sinema. Ina majumba Dubai, Lusaka, Nairobi, Kuala Lumpur na miji mingine inayonishinda kutamka, na letu la Nakawa ndilo dogo kuliko yote. Kila mahali zulia ni lilelile jekundu, bisi zinanukia vilevile, na sisi wahudumu tunavaa kizibao kilekile cha kijani na kumkaribisha mteja kwa maneno yaleyale. Mtu wa Lusaka akiingia kwetu hatajua kwamba yuko ugenini mpaka atoke nje akutane na bodaboda. Na sheria nazo ni zilezile. Mhudumu haleti ndugu yake kazini. Filamu ikianza, hakuna kusema. Mteja akinong'ona unamwendea na tochi kwa adabu. Mhudumu akinong'ona anarudisha kizibao.

Na wiki yenyewe ilikuwa mbaya. Dubai walikuwa wametuma mteja wa siri. Huyo ni mtu anayenunua tiketi kama watu wengine, anakaa, anatazama filamu na kututazama sisi, kisha anaandika ripoti. Watu kwetu wamepungua sana, na ilisemekana kwamba ripoti ikiwa mbaya, Nakawa inafungwa. Bi Nabangala, meneja wetu, alikuwa akiruka kila mlango unapofunguliwa.

Baba mwenyewe alikataa. Alivunja zile mm zake akasema giza analo nyumbani la bure, kwa nini aende kulilipia Nakawa. Nilifurahi sana kusikia sentensi nzima, hata kama ilikuwa ya matusi. Nikamjibu kwamba giza letu lina kipoza hewa. Nadhani alikubali ili tu apate kunionyesha kuwa mimi ni mjinga.

Nilimwingiza kwa mlango wa nyuma, nikamkalisha safu ya mwisho, pembeni kabisa. Kiti cha kando yake alikaa mama mmoja wa makamo mwenye kandambili, akila karanga kutoka kwenye karatasi. Chakula cha nje ni marufuku, lakini mtu aliyemwingiza baba yake kwa magendo atamkemea nani kwa ajili ya karanga? Nikajifanya sikuziona. Wenzangu wote walikuwa mbele wakimhudumia bwana mmoja mwenye tai aliyekuja peke yake. Yasiin wa bisi aliapa kwamba ndiye mteja wa siri. Walimpa bisi za bure, wakamuuliza kama kiti kinamfaa, kama baridi imezidi, kama sauti inatosha, mpaka maskini akawasihi wamwache alale, maana ofisi yake ni ya mabati na amekuja kutafuta ubaridi tu. Yasiin akasema hiyo ndiyo janja yao.

Filamu ikaanza. Mambo yalikwenda vizuri mpaka mwanamke mmoja kwenye filamu akapiga kelele, na Baba akauliza, kwa sauti ya gwaride, ni nani huyo na amefanywa nini. Vichwa vyote vikageuka. Nikachuchumaa kando yake nikamnong'oneza kwamba ni mke wa nahodha, ameona gari la mumewe limekuja bila mumewe. Baba akauliza gari gani. Nikamwambia. Akauliza dereva ana sura gani. Nikamwambia. Mama, alikuwa anauliza! Miezi yote hii hajauliza hata leo ni siku gani. Ningewezaje kunyamaza? Nikaendelea, kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, kama wale vijei wa vibanda vya video wanaofasiri filamu kwenye kipaza sauti, na kama wao nikatia chumvi. Yule mwovu nikamfanya mtu anayekopa kila duka la Luzira. Baba akacheka. Nilisahau kwamba ana lile pengo la jino nyuma.

Nikaanza kuogopa nilipoona kijana mmoja amesimama na kuja upande wetu. Nilidhani anakuja kulalamika. Akakaa safu iliyo mbele yetu, akageuza shingo, akasema, "Dada, sema na nguvu, na sisi tunasikia." Wakaja wengine wawili. Yule mama wa karanga akaniunga mkono, akasema hao wazungu wanaongea puani na yeye tangu mwanzo haelewi nani anamfukuza nani. Basi nikasimama, nikafasiri. Ilikuwa kazi tamu, Mama, sikufichi.

Ndipo Bi Nabangala akaingia na tochi. Alimulika uso wangu, akamulika uso wa Baba, na macho ya Baba hayakupepesa. Tochi ikashuka. Watu wakamlilia aniache nimalize. Nadhani aliogopa kumwamsha yule bwana wa tai, kwa sababu alinitazama tu, akaondoka. Kesho yake asubuhi akaniita ofisini, akaniambia nikae nyumbani mpaka Dubai waamue, na kwamba haoni watakavyonisamehe. Nililia juu ya bodaboda ya watu, dereva akaniita nnyabo kwa heshima, akauliza nani amekufa. Kodi, dawa za Baba, chakula, vyote vinatoka kwenye kizibao kile, na nilikuwa nimekichezea. Hilo sikukwambia. Nilijua ungerudi kwa ajili yangu, na mimi sikutaka urudi kwa ajili yangu.

Jana Bi Nabangala akanipigia simu niende ofisini. Yule bwana wa tai hakuwa mtu yeyote, anauza bima. Mteja wa siri alikuwa mama wa karanga! Anaitwa Nakhisa, amekwishazunguka majumba ya Zumaridi katika nchi nyingi, na zile karanga zilikuwa mtego wake wa kuona kama tutamkemea. Alitukata alama kwa karanga, akatukata kwa choo, akatukata kwa kelele. Halafu akaandika kwamba katika kazi yake yote hajawahi kuona watu wakihama viti vizuri vya katikati kwenda kukaa nyuma pembeni, na kwamba wenye kampuni wangekuwa na akili wangeuliza kwa nini. Dubai wameuliza. Nakawa haifungwi kwa sasa. Tunajaribu onyesho moja la kufasiriwa kila Jumapili mchana, na mfasiri ni mimi. Bi Nabangala alinikumbatia, kisha akakumbuka kwamba yeye ni meneja, akaniambia niende nikakipige pasi kizibao. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi nikapumua. Nilipumua tu, kama mtu aliyeshushiwa gunia kichwani.

Lakini hata hayo ningeweza kumtuma Jafar akwambie kwa mdomo. Lililonishikisha kalamu ni jingine.

Kwenye ile filamu, Baba aliniuliza mke wa nahodha anafananaje. Nikasema ni mzuri. Akakasirika. Akasema yeye alifanya kazi ya kuzijua nyuso za watu, na hakuna mfungwa aliyewahi kutambuliwa kwa kuitwa mzuri. Nimpe pua, nimpe masikio, nimpe meno. Nikampa kimoja kimoja. Akafumba macho, akasema sasa amempata.

Jioni tulipofika nyumbani alikigeuza kiti mwenyewe kwa kupapasa, kikatazama mlango. Akaniambia nikae. Mimi ni mtoto wenu, na haya si mambo ya mtoto kuyaandika, kwa hiyo nitayaandika haraka. Baba alisema anaupoteza uso wako.

Ilianza mwezi wa Ramadhani. Asubuhi moja ulimsalimu, naye akautafuta uso wako kichwani kama kawaida, akapata sauti tu. Wakubwa wake wa kazi anawaona. Wafungwa waliokufa zamani anawaona, hata yule mwizi wa mbuzi aliyekuwa na sikio moja. Wewe ndiye unayefutika, kwa sababu uso wako hakuwahi kuukariri. Ulikuwepo siku zote. Kila ulipomkaribia na chakula ilikuja sauti isiyo na mtu, akaogopa, akageuka. Akaona haya kukwambia. Alidhani utasema kumbe miaka yote hiyo hakuwa anakutazama.

Kisha akaniomba nikufasiri wewe.

Sijawahi kupewa kazi ngumu kama hiyo. Nilianza na mwanya wako wa mbele. Nikampa nyusi ya kulia inayopanda kabla hujacheka, na alama ya mafuta ya mandazi kidevuni, na ndewe ya sikio la kushoto niliyoichana mimi nikiwa mchanga kwa kuvuta hereni. Nikampa mikunjo mipya ya chini ya macho. Nisamehe, lakini aliniambia nisitie chumvi. Nilipofika kwenye shavu akaniinulia mkono ninyamaze. Akasema hapo kuna kidoa cheusi, mimi nimekisahau. Mama, kweli nilikuwa nimekisahau. Akakaa hivyo, macho yamefumbwa na machozi yanashuka, akasema usiongee, Akwero, amekuja.

Alinikataza kukwambia. Jana akaniuliza kama nimeshaandika.

Mpe Mama Mdogo salamu zangu, na watoto wote wa hapo, na umpe Jafar chai maskini. Jumamosi, Mungu akipenda, tutapanda gari la asubuhi kuja Bombo, mimi na Baba. Nimemnyoa, na shati la kuungua nimelificha. Anaogopa kwamba utafutika tena. Ameniagiza nikuulize, na amenisisitizia nikuulize kwa heshima, kama utamruhusu akuguse uso kwa mikono yake, taratibu, mpaka aujue. Usinijibu mimi. Ukisikia fimbo yake inapapasa kizingiti, usimsalimu kwanza. Msogelee tu.

Mimi mwanao,
Husnah Akwero