Mama Alipomsindikiza Mgeni

Alhamisi, Hounslow, London. Mvua ya rasharasha tangu asubuhi, ile isiyokulowesha sana wala kukuacha mkavu. Ndege zinapita juu ya paa kama kawaida yake. Nikikosea herufi mnivumilie.

Leo ndiyo siku aliyokuja ofisa ustawi wa halmashauri kumwangalia mama.

Kwa asiyejua, mama yangu ni mtu mzima wa miaka sabini na nane. Kasafisha maofisi ya London mpaka magoti yakamwisha. Tunaishi wawili, ghorofa ya pili, jengo halina lifti. Mimi nafanya kazi uwanja wa ndege, natoka alfajiri, narudi saa tisa alasiri. Katikati hapo yuko peke yake. Mwezi uliopita nilimkuta sakafuni bafuni, kajifunika taulo, midomo imekauka kwa baridi. Nikamuuliza kaanguka saa ngapi. "Sasa hivi tu," akasema. Chai niliyomwachia asubuhi ilikuwa mezani, haijaguswa.

Tangu siku ile, simu ikilia nikiwa kazini naacha kila kitu naikimbilia.

Kuna nyumba za wazee kule Hayes, kila mzee na chumba chake na jiko lake, lifti ipo, bafuni kuna vyuma vya kushikilia, na kamba ya kuvuta ukianguka, wahudumu wanakuja. Nilikwenda kuziona. Meneja akanitajia bei, nikashusha pumzi, nikajisemea nikijibana tutaweza. Kumbe kanitajia ya wiki. Mimi akili yangu yote iko kwenye mwezi, kama nilivyozoea kulipa kodi. Nilitabasamu mpaka nikatoka nje, nikakaa kituoni nikayaacha mabasi yapite.

Kwa mshahara wangu haiwezekani, hata nikiacha kula. Njia imebaki moja, halmashauri ikubali kuchangia, na haichangii mpaka ofisa wake aone kwa macho yake kwamba mama hawezi tena kubaki peke yake. Kaka yangu Shabani, aliyeko Dodoma, ananitumia ujumbe wa sauti kwamba mama zetu hawapelekwi kwenye majumba ya wazee, nimrudishe nyumbani. Nikimuuliza nani atakaa naye, ananiuliza hali ya hewa huku ikoje.

Jana nilimkalisha mama nikamwambia, mama, kesho sema ukweli. Akikuuliza kama unaoga mwenyewe, sema siwezi. Akikuuliza ngazi, sema siwezi. Akasema, "Nimesikia, mwanangu." Nikaamini.

Leo nimeomba ruhusa kazini; alfajiri nikamkuta amekaa kitandani ananisubiri nimvalishe. Si gauni la kila siku, lile la Idi. Na kanga mpya, na wanja. Akaagiza maandazi. Akaagiza vikombe vya kabatini, vile vya maua ambavyo hata mimi sinywei. Kisha akanyoosha kidole: kiti cha kuogea kitoke, ndoo ya usiku itoke, na kile kigari chake cha kutembelea kitoke. Mgeni hawezi kukuta nyumba imekaa hivyo.

Na mimi nikavitoa. Nikavificha chumbani kwangu kwa mikono yangu mwenyewe, mtu mzima mwenye akili timamu. Mgeni akija ndivyo nilivyolelewa, mwili ulifanya kabla kichwa hakijafika.

Ofisa akafika saa nne. Dada mpole, koti limelowa. Mama akainuka kumpokea. Sijui nguvu alitoa wapi, miezi yote hii mimi ndiye ninayemwinua. Akamwuliza za kwao, wazazi, watoto, nami nikitafsiri. Dada akamwuliza naye yu hali gani. Mama akasema mzima kabisa, tunamshukuru Mungu.

Anapika? Mama akamsogezea maandazi niliyoyakaanga mimi gizani. Anaoga mwenyewe? Sana. Na ngazi? Polepole, lakini tunashuka.

Hapo nikaacha kutafsiri. Nikasema kwa Kiingereza kwamba hajashuka hizo ngazi tangu kabla ya Ramadhani. Mama akanitazama. Kiingereza anakisikia vizuri sana, na jicho lile nalijua, ndilo alilokuwa akinitupia nilipokuwa mtoto nikidokoa chakula mbele ya wageni. Nina miaka arobaini na tisa. Nikarudi kumimina chai.

Dada akafunga kompyuta yake, akashukuru, akasimama. Mama naye akasimama.

"Namsindikiza."

Nikamwambia mama hapana, mvua. Akajifanya hasikii. Kwake mgeni haachwi mlangoni, hajawahi kumwacha mgeni mlangoni maisha yake yote. Akashika chuma cha ngazi akaanza kushuka, mguu mmoja, wa pili, anapumzika, anatabasamu. Mimi nyuma yake nimeishika kanga yake. Mbele yetu yule dada anashuka taratibu, anageuka kumtazama, na kila akigeuka uso wake unazidi kuridhika. Niliuona wazi. Ile nyumba ya Hayes ilikuwa inaondoka ngazi kwa ngazi mbele ya macho yangu.

Nilitamani mama ateleze.

Nimeliandika na sitalifuta. Sikutaka aumie. Nilitaka ateleze kidogo tu, dada aone. Mtoto gani anaombea hivyo? Nilikuwa nimeshika kanga ya mama yangu kumlinda, na rohoni naomba ateleze.

Hakuteleza. Akafika mpaka getini, akampa mkono, akamwambia karibu tena. Dada akaniambia mama yangu ni mtu wa ajabu, akaenda zake kituoni. Mama alipunga mkono mpaka dada alipopotea kwenye kona.

Ndipo mama akaporomoka. Nikamdaka, nikamburuta mpaka ngazi ya kwanza, nikamkalisha. Gauni la Idi lilikuwa limelowa kwa nyuma, na haikuwa mvua. Nikajaribu kumwinua, sikuweza. Nikajaribu tena, tukakaribia kuanguka wote.

"Usimwite," akasema.

Mimi nilikuwa sijasema neno.

Nikakimbia. Na kandambili, kichwa wazi, mvuani. Dada alikuwa bado kituoni. Sikumweleza kitu, nilimwambia tu, njoo.

Mama alituona tangu mbali. Akaitandaza kanga mapajani kufunika, akashika chuma, akajaribu kuinuka. Akashindwa. Tulipomkaribia akajaribu tena, akabaki ameinama hivyo, mikono yote miwili kwenye chuma, akasema, "Karibu. Karibu tena, mwanangu." Kisha akarudi chini.

Dada hakutoa kompyuta. Alikaa kando yake kwenye ile ngazi yenye maji. Akamwuliza taratibu, hali hii imeanza lini. Nikafungua mdomo nitafsiri, mama akanizuia kwa mkono. Akajibu mwenyewe, kwa Kiingereza chake cha maofisini. Alisema siku nyingi. Akasema anaogopa. Neno hilo mimi hajawahi kuniambia, kwa lugha yoyote.

Alipanda kwa makalio, ngazi moja moja, mimi nimemshika kwapani, mgeni nyuma amebeba viatu vya mama. Dada alisema atarudi wiki ijayo kuanza upya. Hakuahidi. Nilimuuliza kama itatosha, akasema wanaoamua ni wengine.

Mama hakunisemesha mchana kutwa. Nilimwogesha. Nilikirudisha kigari mahali pake, na kiti, na ndoo. Magharibi nilikuwa navifuta vile vikombe vya maua nikamsikia ananiita. Nikajua sasa ndiyo nasemwa.

"Akija wiki ijayo, hivyo vikombe usivitoe," akasema. "Mpe cha kila siku."

Nikasema haya, mama. Nikavirudisha kabatini nikakaa jikoni nikalia, kwa sababu nilichokuwa namwomba amekubali, na sikujua kingemgharimu hivi.

Kesho naingia kazini alfajiri. Nitamwachia chai mezani, nitafunga mlango, na mpaka saa tisa sitajua kama ameinywa.