Mama, Nimejisemea Mwenyewe

Mama,

Nimeshinda. Naanza na hilo kwa sababu ungelitaka hilo kwanza. Kwenye nyumba za watu ulikuwa na subira ya kulizungusha neno mpaka kahawa ipoe, lakini ukirudi kwetu ulivua buibui mlangoni na kusema, "Haya, nipe kichwa cha habari, mengine nitayasikia nikipika." Basi kichwa cha habari ndicho hicho. Niko gredi ya kumi, naishi bweni huku Kilifi, na ninasoma Historia, Jiografia na Fasihi ya Kiswahili. Niliyachagua mimi. Na aliyemwambia Baba ni mimi.

Najua hapo umeacha mwiko. "Wewe? Ukamwambia Baba? Uso kwa uso?"

Ndiyo, mimi. Mimi ambaye tangu nijue kusema sikuwahi kumwomba Baba hata kalamu bila kupitia kwako. Nilikuja jikoni, nikakunong'oneza, ukangoja ale, ashibe, aegemee mto, kisha ukalifikisha neno langu likiwa limepigwa pasi. Mtaa mzima ulikutuma hivyo. Walikutuma posa, walikutuma kwa waume walionuna na kwa mawifi wasiosalimiana, na hakuna aliyeshangaa kwamba mwanao naye alikutuma. Ulipofariki nililia kama watoto wote wanavyolia. Tulipoanua matanga ndipo nikagundua kwamba sina tena wa kunisemea, na kwamba mwenyewe sikuwahi kujifunza.

Wakati huo huo shuleni tulikuwa tunachagua masomo ya sekondari pevu, ile ya kuanzia gredi ya kumi, yenye njia tatu: sayansi, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Aliyetusimamia ni Mwalimu Kadzo, yule wa kutoka Vitengeni, mwembamba, asiyeinua sauti. Alituuliza mmoja mmoja tunataka nini. Mvulana mmoja akasema Fizikia, kwa sababu watu wakiisikia wanakuogopa. Mwingine akasema michezo, na darasa likamrukia: "Utakimbia mpaka lini, babu? Mpaka meno yadondoke?" Mwalimu Kadzo akangoja tunyamaze.

"Mnachagua majina," akasema. "Ni kama kununua chungu kwa sababu ya rangi. Mimi nauliza chungu kitapika nini. Ukikaa na somo hili miaka mitatu, litakufanya uweze nini ambacho leo huwezi? Na ni kitu gani unakifanya sasa, bila kutumwa na mtu, mpaka unasahau kula?"

Mama, swali hilo nililibeba nyumbani kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Maana jibu nililijua. Ninachokifanya mpaka nasahau kula ni kusikiliza watu wanavyoeleza jambo moja kwa njia mbili. Nilikuwa nikikaa nyuma ya pazia ukiwa na wageni wako, na wakiondoka tulikuwa tunalipima, mimi na wewe, nani amesema kweli na nani amesema nusu. Sikujua kama hiyo ni kazi ya akili. Nilidhani ni umbea.

Lakini Baba alikwisha kuamua. Fizikia, Kemia, Bayolojia. Kila mteja aliyeingia dukani kununua misumari au rangi aliambiwa, "Huyu wangu daktari huyu, inshallah." Na sikuweza kusema siwezi, kwa sababu naweza. Alama zangu za sayansi zilikuwa nzuri na ndizo zilizonifunga. Ila najua sayansi kama ninavyoijua nyumba ya jirani: naingia, nasalimia, natoka, wala sina hamu ya kujua vyumba vya ndani vikoje.

Na kulikuwa na wewe. Siku ile tuliporudi kutoka hospitali bila wewe, Baba alisema, "Tungekuwa na daktari wetu nyumbani, tungejua mapema." Alisema mara moja tu, lakini tangu siku hiyo aliishi ndani ya maneno hayo. Binti atamjibu nini baba anayeomboleza hivyo? Nilifanya nilichokizoea. Nilitafuta mshenga.

Nilikwenda kwa Shangazi Nuru. Wifi yako, Mama, unamjua. Nilimweleza kila kitu, akanishika mkono. "Niachie mimi, mwanangu. Marehemu alipokwenda posa, nani alikuwa akimbebea sinia? Si mimi?" Na kweli, alikuwa mbeba sinia. Maneno ulikuwa ukisema wewe.

Akaja Ijumaa baada ya alasiri. Alivaa buibui lake la harusini, amejifukiza udi, mkononi sinia la halwa lililofunikwa kawa. Nilimwona kupitia pazia, na moyo ukaniambia kuna jambo haliko sawa, lakini nilikuwa nimechelewa.

"Kaka," akaanza, "nimekuja na neno, na neno lenyewe si langu. Nimetumwa."

"Sema."

"Nyumba hii ina ua. Ua limeanza kuchanua, na wapitao njia wameliona."

Nikasikia kikombe cha Baba kikiwekwa chini taratibu.

"Ziko njia tatu mbele yake. Hiyo unayoitaka wewe ni njema, sikatai. Lakini mtoto ana moyo, kaka, na moyo wake uko pengine. Ameniambia kabisa, bila ya huko alikopenda, sekondari haendi."

Mama, Baba alisimama kwa kishindo, sinia likalia sakafuni. "Nuru! Una wazimu? Mtoto wa gredi ya tisa! Ni nani huyo? Kijana wa nani? Na wewe unanibebea halwa!"

"Usipandishe sauti, kaka, neno la heri halipokelewi hivyo…"

"Heri gani? Mwambie aje hapa nimwone miguu yake!"

"Nani aje? Mimi nimetumwa na mtoto mwenyewe! Masomo, kaka! Anataka kubadilisha masomo!"

Kisha nikasikia sauti ambayo sikuitambua mara moja, kwa sababu haikuwa imesikika nyumbani tangu tukuzike. Baba alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akavua kofia akajipangusia macho. Shangazi alikuwa anaokota halwa huku amenuna. "La kuchekesha ni lipi? Neno ndivyo linavyoletwa." Na mimi nyuma ya pazia nilicheka na kulia pamoja, nimejiziba mdomo kwa leso yako.

Halafu kicheko kikamwisha. "Aziza," akaita, "toka huko. Una ulimi au huna?"

Nilitoka. Jumatatu ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya shule kupeleka machaguo yetu, kwa hiyo nilijua nikirudi nyuma ya pazia safari hii, nitaishi maisha ya mtu mwingine kwa sababu tu ya kuogopa kuyakataa.

"Unataka nini?"

Nikamtajia masomo yangu matatu. Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka.

"Historia ni habari za waliokufa," akasema.

"Ndiyo, Baba. Lakini wanaoigombania ni walio hai."

Akanitazama. Shangazi akaacha kuokota.

"Itakufanya nani? Utaandikwa wapi?"

"Sijui nitaandikwa wapi. Najua nitaweza nini." Na hapo, Mama, kikafunguka kitu. Nikamwambia kwamba Jiografia itanifundisha kusoma mahali, kwa nini mvua inyeshe huku kwetu pwani halafu bara kule Ganze wakose, na nani aliyepata maji na nani aliyekosa. Nikamwambia Fasihi itanifundisha kusikia pale mtu anapokwepa. Na Historia… hapo nikakwama. Nilikuwa nayo kichwani lakini haikutaka kutoka.

Baba ndiye aliyenisaidia, bila kukusudia. Akauliza, "Wale dada wawili, siku ile, ulijuaje cha kuwauliza?"

Hilo hulijui, Mama. Baada ya arobaini yako walikuja dada wawili kutoka mtaa wa Kisumu Ndogo waliokuwa hawajasikia kuwa umefariki. Walikuwa wanagombana juu ya mama yao mgonjwa, nani amemtelekeza. Nilipowaambia habari zako walilia, nikawapa kahawa, na katikati ya kulia wakaanza tena kugombana. Niliwasikiliza, kisha nikauliza swali moja tu: kabla ya hapo mlikuwa mkiishi vipi? Wakatazamana. Wakaanza kueleza, mmoja akimkumbusha mwenzake, na walipotoka bado walikuwa wanaeleza, lakini sasa wanaelezana wao kwa wao. Sikujua kwamba Baba alikuwa ameingia kutoka dukani na amesimama ukumbini muda wote.

"Niliona kila mmoja anaanzia siku yake," nikamjibu. "Watu wakigombana, Baba, kila mmoja huanza kuhesabu kuanzia siku aliyokosewa yeye. Yaliyotangulia anayaacha. Basi nikawarudisha nyuma ya siku zote mbili. Hiyo ndiyo Historia ninayoitaka. Naifanya kwa kubahatisha. Nataka kuifanya kwa kujua."

Nikaona nimalize, maana nikinyamaza sitaweza kuanza tena.

"Na udaktari, Baba, najua ni kwa ajili ya Mama. Lakini nikisomea kwa ajili yake, nitamtafuta yeye kwa kila mgonjwa, na sitampata. Mgonjwa ana haki ya mtu anayemtazama yeye."

Shangazi alisema "Ya Rabi" kwa sauti ndogo. Baba alikaa chini. Aliweka mkono juu ya goti, akaangalia mlango ambao wewe ulikuwa ukiingilia.

"Mimi nilitaka tu," akasema, "nisishtukizwe tena."

"Najua, Baba."

"Mamako angeniletea maneno haya kidogo kidogo, leo tonge, kesho tonge. Wewe umenimwagia sufuria nzima." Kisha akatikisa kichwa. "Haya. Jumatatu nitakwenda nawe mwenyewe kwa mwalimu wako. Na wewe Nuru, halwa hiyo ikipanguswa italika, ilete."

Na alikwenda. Alivaa kanzu nyeupe, akamwambia Mwalimu Kadzo, "Niliagiza sayansi. Andika anachosema huyu." Mwalimu Kadzo alinitazama mimi, si yeye, akasubiri. Nikasema masomo yangu kwa mara ya pili, na safari hii sauti haikuwa ndogo.

Sasa nikueleze ya huku. Si kwamba kila kitu ni chepesi. Jiografia ina hesabu nyingi kuliko nilivyodhani, na mwalimu wa Historia hanipi maksi kwa kuhisi, kila nikisema "naona" ananiuliza "kwa ushahidi gani?" Ananichosha na ninampenda. Ile kazi tuliyokuwa tukiifanya mimi na wewe wageni wakiondoka, hapa ina kanuni zake, na kila ninapojifunza moja natamani nikimbie jikoni nikuambie kwamba ulikuwa ukiifuata bila kufundishwa. Nyingine hukuwa ukiifuata, Mama. Ulikuwa ukimpendelea aliyelia. Nimeanza kujua hayo pia.

Wazazi walipokuja kututembelea, darasa letu lilipewa kisa cha kisima kimoja ambacho koo mbili zinakisimulia kila moja kwa njia yake, na mimi nikachaguliwa kusimama na kueleza simulizi zinapokubaliana na zinapoachana. Nilisimama. Ukumbi ulijaa. Niliona mdomo wangu unafanya kazi, mikono yangu imetulia, na watu wazima wananyamaza ili wanisikie. Nilipomaliza kulikuwa na makofi, na ndani ya makofi nikamsikia Baba anamwambia mtu asiyemjua, "Huyo wangu huyo. Historia, Jiografia na Fasihi. Mimi mwenyewe ndiye niliyemruhusu." Na Shangazi Nuru, kwa sauti ya kufika ufuoni Bofa: "Na mshenga ni mimi!"

Jioni ya siku hiyo, kabla wazazi hawajaondoka, mwenzangu wa bweni aitwaye Dama alinivuta kando. Anataka kuacha Kemia aende kwenye muziki, ana sikio ambalo sijaliona kwa mtu mwingine, na baba yake alikuwa amekaa pale chini ya bendera akimngoja. "Wewe unajua kusema, Aziza. Nisemee."

Mama, nilitamani. Maneno yalikuwa yamekwisha kujipanga, tena mazuri. Nikamwambia, "Nitakaa kando yako, lakini utasema wewe." Tukaenda. Alisema, akakosea, akarudia, na mimi nikakaa na mdomo wangu nimeufunga. Ilikuwa kazi ngumu kuliko ile ya ukumbini. Baba yake hakukubali, wala hakukataa. Alisema, "Hebu nisikie unavyoimba," na Dama akaimba pale pale, wageni wanapita.

Nakuaga, Mama. Mola akupe wasaa huko uliko, na akupe wa kuongea nao. Nakuahidi hili moja: neno langu sitalitia mdomoni mwa mtu tena, na mtu akiniletea lake, nitamsikiliza mpaka aone kwamba analiweza mwenyewe.

Mwanao,
Aziza